Kupunguza makali ya deki ya Commander: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nimeulizwa mpaka nimechoka kujibu moja moja, kwa hiyo nimeyaweka yote sehemu moja. Naongelea Commander, aina ya mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering, ile ya deki ya kadi 100, kila kadi moja moja isipokuwa ardhi za kawaida, watu wanne mezani na kila mtu anaanza na laifu 40 (pointi za uhai). Kadi unazilipia kwa mana, inayotoka hasa kwenye ardhi, na kila deki ina komanda, kiongozi wake anayekaa pembeni mpaka umlipie aingie mezani. Kama we ni mtu wa mashindano huku hakukuhusu sana.

Kwani deki kuwa kali ni kosa?

Hapana, swali ni kali kwa nani. Deki ya kumaliza mchezo zamu ya 4 ikikutana na nyingine tatu za aina hiyo ni mechi tamu kweli, kila mtu anajua alichofuata. Shida ni pale mmoja amekuja na panga na wengine watatu wamekuja na vijiko.

Nakumbuka mechi moja zamu ya 5 nina goblini zaidi ya thelathini mezani, jamaa wa kulia ana ardhi nne na kiumbe kimoja, wa kushoto komanda wake wa mana sita hajamgusa hata, bado yuko kule pembeni kwenye plastiki yake anang'aa tu. Nikashinda. Hakuna aliyelalamika, wakakusanya kadi zao kimya kimya afu mmoja akauliza "umekuja na deki nyingine?" Aisee, hilo swali liliniuma kuliko wangenitukana, maana nilikuwa sina.

Nitajuaje kama deki yangu imezidi meza?

Usihesabu ushindi peke yake, kwenye meza ya watu wanne mnaolingana kila mmoja atashinda kama mara moja kwa nne, na mtu anaweza kubahatisha tatu mfululizo. Angalia haya: mchezo unaisha zamu ya ngapi ukishinda wewe, na wenzako walikuwa wamefika wapi? Kama wenzako hawajamweka komanda au wamemweka ila hajafanya lolote, deki yako iko mbele. Dalili nyingine ni kwamba wote watatu wanakushambulia wewe kuanzia zamu ya 2 kabla hujafanya kitu, hao hawana chuki, wana kumbukumbu.

Na kuna ile ya kushinda kwa njia moja kila siku. Kama mechi tano zote zimeisha kwa kadi zilezile mbili, hata zingeisha zamu ya 10 watu wataboreka.

Hizi braketi zinazotajwa ni nini?

Ni ngazi tano za kupima deki ambazo Wizards of the Coast, kampuni inayotengeneza Magic, walizitoa Februari 2025, baada ya kuchukua usimamizi wa Commander mwaka 2024. Ya 1 ni deki za mzaha na maonyesho, ya 2 ni za kawaida kabisa, ya 3 zimeboreshwa, ya 4 umeweka kila kitu chenye nguvu ulichonacho, ya 5 ni ya wale wa cEDH, yaani Commander ya mashindano, wanaocheza kufa na kupona. Pamoja nazo kuna orodha ya Game Changers, kadi zenye nguvu ya kugeuza mchezo, kama Rhystic Study, Cyclonic Rift, Demonic Tutor, Mana Vault, Thassa's Oracle na ndugu zao. Braketi 1 na 2 hutakiwi kuwa na hata moja, ya 3 mwisho tatu, kuanzia ya 4 hakuna hesabu. Orodha yenyewe inabadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo cheki ya sasa kabla hujabishana na mtu.

Ila usizigeuze kuwa sheria za mahakamani. Naweza kukujengea deki isiyo na Game Changer hata moja ikawararua watu vilevile, na jamaa akawa na tatu halafu deki yake inatembea kama konokono. Braketi zinaanzisha mazungumzo, hazimalizi.

Sawa, nianze kutoa nini?

Toa kasi na uhakika. Ndo hivyo tu, mengine yote huku chini yanatoka hapo. Watu wengi wakiambiwa "punguza makali" wanatoa viumbe vyao vikubwa, ile mijitu ya mana nane inayotisha, wakati hiyo ndo raha yenyewe ya fomati hii! Linaloua meza ni kwamba jitu la mana nane linafika zamu ya 4, au linapatikana kila mechi bila kukosa.

Anza na mana za haraka, yaani kadi zinazokupa mana nyingi mapema kuliko ardhi peke yake. Nichukue deki yangu ya Krenko, Mob Boss, mana nne, ukimlaza kadi yake upande (ndo kumtumia kwa zamu hiyo) anazaa goblini wapya kwa idadi ya goblini ulionao, na yeye mwenyewe ni goblini, kwa hiyo wanakuwa wawili, wanne, nane, kumi na sita. Kwa ardhi pekee unamweka zamu ya 4, zamu ya 5 una wawili, zamu ya 6 una wanne. Sasa weka Sol Ring, inayotoa mana mbili, zamu ya 1, Krenko anatua zamu ya 2, zamu ya 3 wawili, ya 4 wanne, ya 5 nane, ya 6 kumi na sita. Kumi na sita dhidi ya wanne, zamu ileile, deki ileile, tofauti ni kadi moja ya mana moja. Na hapo sijaongeza Lightning Greaves ya kumfanya afanye kazi zamu ileile aliyoingia.

Kwa hiyo Mana Vault, Chrome Mox, Mox Diamond, Ancient Tomb, hizo zitoke kwanza. Weka Mind Stone au Commander's Sphere, zinasogeza deki mbele ila haziruki ngazi tatu kwa mpigo. Mana Crypt na Jeweled Lotus hazina haja ya kujadiliwa, zilipigwa marufuku Septemba 2024 kwa sababu hizihizi za kuanza mbio kabla wenzako hawajafunga kamba za viatu.

Na Sol Ring nayo itoke?

Hapa nina msimamo wangu na najua wengi hawakubali. Kisheria haina shida, haipo kwenye Game Changers na inakuja kwenye karibu kila deki ya tayari wanayouza. Mi nimeitoa kwenye deki za komanda wa mana tatu au nne wanaojizidisha kama Krenko, kwa hesabu uliyoiona hapo juu, na nimeiacha kwenye deki nzito za komanda wa mana sita na saba. Usiitoe kwa sababu tu mtu amenuna siku moja uliyoipata mapema.

Kadi za kutafuta kadi nyingine zina ubaya gani? Si nalipa mana?

Hii watu hawaielewi mpaka waone namba. Una kadi moja ya kumalizia mchezo ndani ya kadi 99 (ya 100 ni komanda, yuko pembeni). Mpaka zamu ya 6 umeona kadi 13, saba za kuanzia na sita za kuokota, kwa hiyo uwezekano wa kuiona ni kama asilimia 13. Ongeza kadi tano za kutafuta, Demonic Tutor na wenzake, sasa ni kana kwamba una nakala sita za kadi ileile, na uwezekano unaruka mpaka karibu asilimia 58. Fomati imewekwa kadi moja moja makusudi ili kila mechi iwe tofauti, we umeirudisha kinyumenyume kwa kadi tano.

Usifanye lile kosa la kutoa Demonic Tutor ya mana mbili ukaweka Diabolic Tutor ya mana nne ukasema umepunguza. Umepunguza kasi, uhakika uko palepale. Badilisha na kadi za kuokota, kwa mfano Phyrexian Arena, unapata kadi nyingi ila hujui ni ipi inayokuja na hapo ndo mechi zinaanza kuwa na hadithi. Zile zinazotafuta ardhi tu ziache, hizo hazina tatizo na mtu.

Kombo zote zitoke?

Inategemea meza. Kombo ni kadi mbili au zaidi ambazo zikikutana zinamaliza mchezo, na mi nazigawa kwa maswali matatu: zinahitaji kadi ngapi, mana ngapi, na wenzangu wana muda wa kuiona inakuja?

Thassa's Oracle na Demonic Consultation ni kadi mbili, mana tatu jumla, umeshinda, hakuna aliyeona chochote mezani kabla ya hapo. Toa, tena bila huruma. Exquisite Blood na Sanguine Bond ni kadi mbili pia ila kila moja ni mana tano, ya kwanza inakaa mezani inatazamwa na watu watatu wenye nafasi ya kuivunja. Braketi 2 bado hairuhusu, ya 3 ikija mwishoni mwa mchezo inavumilika.

Jihadhari na kombo ambayo komanda wako ni nusu yake, maana komanda hahitaji kuokotwa, yuko pale siku zote. Kwenye Krenko nilikuwa na Thornbite Staff na Skirk Prospector. Namvisha Krenko ile fimbo, namgeuza anazaa goblini, namtoa mmoja kafara kwa Prospector napata mana nyekundu moja, na kwa kuwa kiumbe kimekufa fimbo inamsimamisha Krenko tena, narudia mpaka kesho. Kwenye karatasi ni kombo ya kadi tatu, kiuhalisia ni mbili kwa sababu Krenko ninaye tayari. Nilitoa fimbo nikamwacha Prospector, peke yake ni goblini tu wa kawaida mwenye adabu zake.

Kama hujui kama deki yako ina kombo ya bahati mbaya, na inatokea kweli, soma komanda wako taratibu kisha tafuta kadi yoyote inayosema "simamisha tena" au "kila kiumbe kikifa". Nyingi zinajificha hapo.

Nipunguze ardhi ili deki iende polepole?

Usithubutu! Hili ndo kosa baya kuliko yote na naliona kila mara. Deki yenye ardhi 31 haijawa ya kirafiki, imekuwa ya kamari tu, mechi moja umekwama na ardhi mbili unaangalia wenzako wakicheza saa nzima, mechi inayofuata umepata kila kitu unawafagia kama zamani. Baki na 36 mpaka 38 hivi, ongeza moja hata. Zile ardhi za bei mbaya za kutoa rangi mbili au tatu ziache pia, kazi yake ni kuhakikisha unacheza tu, hakuna aliyewahi kurudi nyumbani analia kwa sababu mwenzake alikuwa na rangi sahihi.

Na vyanzo vya kawaida vya kuokota kadi usivikate chini ya vinane au kumi. Deki dhaifu inayopumua ni bora kuliko deki kali inayokabwa koo.

Na kadi za kuua viumbe na kuvunja vitu?

Ziache, tena ukiweza ongeza. Meza isiyo na mtu wa kumzuia mwingine inakuwa mbio, na kwenye mbio mwenye deki kali anashinda zaidi. Zinazotakiwa kutoka ni za kuwanyima watu mchezo, kama Armageddon inayovunja ardhi zote, Winter Orb inayobana ardhi za watu zisisimame, na zamu za ziada zinazofuatana moja baada ya nyingine ambapo watu watatu wanaweka kadi chini na kushika simu. Cyclonic Rift nayo, ile ya mana saba inayorudisha mikononi kila kitu cha wapinzani isipokuwa ardhi, vyako vikabaki. Badala yake weka Evacuation, inarudisha viumbe vyote vikiwemo vyako, sasa inabidi ufikirie kabla ya kuitupa.

Kufagia meza, yaani kuua viumbe vyote kwa mpigo, mara moja ni sawa kabisa. Kufagia mara nne bila kuwa na namna ya kumaliza mchezo ni kuwatesa watu.

Komanda wangu mwenyewe ndo tatizo, nifanyeje?

Mbadilishe, hata wa kabila lilelile. Kadi moja, lakini inagusa deki nzima kwa sababu yuko kwenye kila mechi. Mimi mwishowe nilimtoa Krenko, Mob Boss nikamweka Krenko, Tin Street Kingpin, goblini walewale wengine wote hawakuguswa. Huyu wa pili ni mana tatu tu, ukimtazama haraka unaweza kudhani ndo mkali zaidi, ila lazima ashambulie ndo azae. Shambulio la kwanza goblini wawili, la pili watatu, la tatu wanne. Anajumlisha, hazidishi. Afu anaingia vitani mwenyewe akiwa mdogo hivyo, mtu akimkinga na kiumbe cha maana anakufa, na kumrudisha ni mana mbili juu kila mara. Nilianza kushindwa mechi, na nikaanza kufikiria tena nishambulie nani, kitu ambacho na yule wa kwanza sikuwahi kukifanya.

Wa kuogopa zaidi ni komanda anayefanya kazi hata kabla hujamlipia. Edgar Markov, kwa mfano, unacheza vampaya yeyote unapewa tokeni (kiumbe kisicho na kadi kwenye deki) ya vampaya mwingine bure na yeye bado amekaa pembeni, utamuua vipi mtu ambaye hajaingia ndani? Deki ya vampaya chini ya Edgar, Charmed Groom inapoteza rangi nyekundu ila inacheza mpira wa kawaida, unaweka, unaimarisha, unashambulia.

Rhystic Study siitoi, naipenda.

Sawa, baki nayo, sema tu kabla ya mchezo kwamba unayo. Kama meza ni ya braketi 3 nafasi zipo tatu, kazi ni kwako kuchagua. Ushauri wangu chagua kwa mapenzi siyo kwa nguvu, kadi yenye kumbukumbu kwako ibaki, ile uliyoiweka kwa kuwa kila mtu anaiweka iondoke. Ila ujue kadi hii inakuokotea kadi kila mpinzani akicheza kadi yake bila kulipa mana moja ya ziada, na kuuliza "unalipa moja?" mara arobaini kwa mechi kunachosha watu kuliko hata kadi unazopata.

Si naweza kuacha deki ilivyo nikacheza kwa huruma tu?

Nilijaribu. Haifanyi kazi. Kwanza unashika kadi ya ushindi mkononi unajifanya huna, na watu wanajua, nyuso zinaonyesha, na hakuna kinachokera kama kugundua umeachiwa. Pili siku utakayobanwa utaitumia tu. Kama kadi iko ndani ya deki icheze kwa moyo wote, kama hutaki kuicheza iache kwenye boksi.

Lazima nivunje deki kabisa? Wakati mwingine nacheza na watu wakali.

Hapana, weka benchi. Mi nina kadi kumi kwenye kifuko kidogo ndani ya boksi lilelile la deki, mana za haraka, kadi za kutafuta, ile fimbo, Kiki-Jiki (goblini wa kombo), na Krenko wa kwanza. Meza ikiwa kali naingiza kumi natoa kumi, dakika tatu. Weka plastiki za kufunika kadi za rangi ileile tu, la sivyo watu watakushuku unaweka alama.

Niwaambie nini wenzangu kabla ya kuanza?

Usiseme "deki yangu ni 7 kati ya 10". Kila deki duniani ni 7. Sema vitu vinavyoshikika: "hii inajaribu kumaliza kuanzia zamu ya 8, haina kombo ya kadi mbili, kadi ya kutafuta moja, Game Changer moja, inashinda kwa kushambulia na goblini wengi." Sekunde ishirini. Afu uliza za wenzako usikilize kweli, sio unachanganya kadi huku unatikisa kichwa.

Na kama baada ya mechi imeonekana ulikosea, sema ulikosea ubadilishe deki, watu wanasamehe mechi moja mbovu bila shida.

Nimetoa vyote hivyo na bado nashinda sana.

Inawezekana ni wewe siyo deki, unacheza vizuri kuliko wenzako, unajua wakati wa kukaa kimya na wakati wa kushambulia. Hapo kutoa kadi zaidi ni kujiadhibu. Jaribu kuwakopesha deki zako we ucheze za kwao, utagundua haraka sana tatizo liko wapi, mimi siku niliyofanya hivyo niligundua deki ya jamaa mmoja ilikuwa na ardhi 29, nikamwongezea saba na wiki iliyofuata akanipiga.

Nimepitiliza, sasa deki haifanyi chochote.

Hutokea. Rudisha kadi mbilimbili, cheza mechi tatu nne kisha ndo uongeze nyingine, usirudishe kumi kwa hasira baada ya kupoteza mara moja. Anza na za kuokota kadi, halafu kitu kimoja kikubwa cha kumalizia, maana deki isiyoweza kumaliza mchezo nayo ni adhabu kwa meza. Mana za haraka ziwe za mwisho kabisa, na mara nyingi utakuta hujazihitaji.